Bomba Lililovuliwa Koti

Ijulikane kwa watu wote wa Tasiusarsik, walio hai na watakaozaliwa, wawindaji, wavuvi, walimu na sisi wa bwenini, kwamba Jumatano ya wiki ya pili ya Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Sheria ilishuka kutoka mawinguni kwa helikopta nyekundu kuja kuitafuta Haki. Sheria ilivaa koti jeusi na kofia ya manyoya, ikabeba mkoba mkononi, ikatazama huku na huko kwa macho makali yasiyotaka mzaha. Kisha ikakanyaga barafu iliyojificha chini ya theluji, miguu ikapanda juu, na Sheria ikakaa chini kwa kishindo mbele ya kijiji kizima.

Hakuna aliyecheka. Tulicheka baadaye, bwenini, tukiwa tumeziba midomo kwa mito.

Jina lake lilikuwa Ofisa Bendtine Fleischer, mpelelezi kutoka mjini, mwanamke wa miaka hamsini na kidogo, mfupi, mwenye miwani iliyoingia ukungu. Hakuinuka upesi. Alibaki palepale alipoangukia, akafuta miwani kwa kidole gumba, akatazama kushoto na kulia usawa wa ardhi kana kwamba alikuwa amepanga kukaa hapo tangu mjini, halafu akanyoosha mkono.

"Lile ndilo bomba?"

"Ndilo," alisema Mwalimu Mkuu Sivert, akimshika mkono kumwinua. "Pole sana, Ofisa. Nilimwambia Gaaba amwage mchanga hapa. Unaona mambo yenyewe."

"Naona. Helikopta inanifuata saa ngapi?"

"Saa nane kamili. Rubani anasema baada ya hapo ukungu unashuka, na hapitiki tena mpaka Jumamosi."

"Basi tusimalize muda tukizungumzia matako yangu," alisema Ofisa, akajipangusa theluji. "Twende."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kwetu ardhi ni mwamba mtupu, kwa hiyo mabomba hayafukiwi. Yanatambaa juu ya mawe kutoka tangi la kilimani hadi zahanati, na kutoka zahanati hadi bweni letu. Ndiyo maana kila bomba linavishwa kama mtoto anayetoka nje: kwanza waya wa joto, juu yake maganda ya povu gumu la njano, mawili mawili, yakilikumbatia bomba kama viganja viwili, juu ya povu tepu nyeusi, na juu ya tepu bati jembamba lililobanwa kwa mikanda ya chuma. Waya peke yake haushindani na baridi yetu. Povu ndilo linalofanya kazi, waya unasaidia tu.

Jumatatu asubuhi mita mbili za bomba zilikutwa uchi. Maji yaliganda usiku kucha, bomba likapasuka, zahanati ikakauka na bweni likakauka. Tangu siku hiyo tulikuwa tukiyeyusha theluji ili kupiga mswaki, na kuhusu hewa ya vyumba vya wavulana naomba nisiseme lolote.

Aliyelaumiwa alikuwa Gaaba, mtunza majengo wa shule, mtu wa miaka sitini na sita, kwa sababu Ijumaa iliyotangulia alikuwa amelifungua bomba mahali hapohapo kubadilisha waya. Mwalimu Mkuu alishaandika barua kwa manispaa: Gaaba amezeeka, alisahau kurudisha maganda, aachishwe kazi. Na kwetu nyumba inakwenda na kazi. Kazi ikiondoka, nyumba inaondoka nayo, na Gaaba na mkewe Sofie walikuwa wameishi katika ile nyumba ya kijani miaka thelathini na mmoja. Barua ilipungukiwa na kitu kimoja tu: sahihi ya polisi kwamba hakuna uhalifu uliotendeka, ni uzembe. Ofisa akisaini, barua inapanda helikopta saa nane.

Gaaba alikuwa amesimama kando ya bomba lake, mikono ndani ya mifuko, kama mtu aliyefika hospitali akakuta kitanda kimeshatandikwa upya.

"Wewe ndiye Gaaba?"

"Ndiye mimi."

"Ulilifunga au hukulifunga?"

"Nililifunga."

"Anasema hivyo tangu Jumatatu," alisema Mwalimu Mkuu.

"Na wewe unamjibu nini tangu Jumatatu?"

"Kwamba maganda hayaondoki yenyewe."

"Hapo mmekubaliana," alisema Ofisa, akapiga magoti. "Endelea, Gaaba. Unadhani yameondokaje?"

Gaaba alikohoa. "Mimi nilidhani kunguru. Wanapenda kudonoa povu. Mwaka juzi walinitobolea bomba la kanisani."

Ofisa alitazama kingo za povu lililobaki kila upande. Palikuwa na matundu mawili matatu ya midomo ya kunguru, kweli. Akaingiza kidole katika tundu moja, akakitoa.

"Kunguru anadonoa. Hafungui mkanda wa chuma. Nikiandika kunguru, huko mjini watanicheka, na wewe utahama nyumba vilevile."

Gaaba alizamisha mikono zaidi mifukoni. Alikuwa na utetezi mmoja, na sasa hakuwa nao.

Ofisa alihamia kwenye mabati. Yalikuwa mawili, yameegemezwa kwenye mwamba, moja ndani ya jingine, na juu yake limewekwa jiwe.

"Nani aliweka jiwe hili?"

"Lilikuwapo Jumatatu," alisema Mwalimu Mkuu. "Gaaba ni mtu nadhifu."

"Nadhifu halafu msahaulifu?"

"Uzee, Ofisa."

"Mtu aliyesahau kazi haweki jiwe juu ya bati lisipeperushwe. Anayeweka jiwe anategemea kurudi." Alichambua theluji kwa vidole, pole pole, mpaka akapata alichokuwa akikitafuta: pete ya tepu nyeusi, imekatwa, ngumu kwa baridi kama ganda la mti. Akaigeuza karibu na miwani. "Huu mkunjo ni wa nini?"

Gaaba aliinama. Mwisho wa tepu ulikuwa umekunjwa ndani, upana wa kidole kimoja.

"Wa kwangu. Nikimaliza kufunga, nakunja ncha. Siku nyingine nikija na glavu naishika hapo, navuta, inafunguka yote. Ukivua glavu hapa kutafuta ncha ya tepu, unarudi nyumbani na vidole tisa."

"Unakunja kila mara?"

"Kila mara."

"Na wakati wa kufungua?"

"Navuta."

Ofisa aliinua ile pete juu ili Mwalimu Mkuu aione. Mkunjo ulikuwa mzima, umelala palepale. Upande wa pili, tepu ilikuwa imepasuliwa kwa kisu kutoka juu hadi chini, mkato mmoja ulionyooka.

"Tepu hii ilifungwa ikakunjwa. Kisha ikaja kufunguliwa na mtu ambaye hakujua kwamba kuna mkunjo."

"Anaweza kuwa aliikata mwenyewe, kwa haraka," alisema Mwalimu Mkuu, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. "Hilo si ushahidi wa kupeleka manispaa, Ofisa. Na naomba tusikae nje sana. Kuna dubu."

"Nimesikia. Dubu wa lini?"

"Jumapili jioni. Nyayo zilizunguka bweni zima. Tangu hapo wanafunzi wako ndani, hata mtihani wa hesabu wa Jumatatu umeahirishwa. Jorsias analinda na bunduki." Alisita, akashusha sauti. "Ukitaka mtu anayetumia povu, mtazame huyohuyo. Sanduku lake la samaki limejaa povu."

"Usimwingize Jorsias," alisema Gaaba.

"Mimi simwingizi. Namtaja tu."

Saa tano na nusu Ofisa alikuwa katika kibanda cha Jorsias, mwindaji mwenye ndevu nyekundu na maoni juu ya kila jambo. Ukutani, nje, sili watatu, mawindo yake ya baharini, walikuwa wametundikwa, wamegandishwa na baridi. Jorsias hakusimama.

"Karibu, Ofisa. Nasikia leo ulitua mara mbili."

"Mara ya pili ndiyo iliyouma. Fungua sanduku lile."

"Ni la samaki."

"Sijakuuliza ni la nani."

Alifungua. Kuta za ndani zilikuwa zimepigwa povu, nene, safi. Ofisa alichungulia, akamega kipande kwenye kona. Kikapasuka punje punje, vitu vyeupe vya mviringo kama mtama, vikamrukia kwenye koti na kung'ang'ania. Kisha akatoa katika mkoba bahasha, na katika bahasha kipande cha njano kutoka kwenye bomba. Akakivunja juu ya meza. Hicho hakikutoa punje. Kilikatika kama biskuti kavu, kikaacha unga laini kwenye vidole vyake, rangi ya haradali.

"Hawa si ndugu," alisema.

"Nilikuambia."

"Hukuniambia kitu."

"Nilikuwa naelekea huko."

Ofisa alifuta vidole kwa karatasi, akaikunja karatasi hiyo na kuitia katika bahasha. Njia ya pili nayo ilikuwa imefungwa, na saa ya ukutani ilisema zimebaki saa mbili na robo.

"Nieleze habari za dubu."

"Mkubwa. Mita tatu akisimama."

"Ulimwona amesimama?"

"Niliona mgongo."

"Wa rangi gani?"

"Mweupe."

"Hapa kila kitu ni cheupe, Jorsias."

Jorsias alijikuna ndevu. "Nilitangaza kwenye redio ya kijiji kwamba nimemwona. Nikishasema, nimesema."

"Alipita wapi?"

"Hapo nje. Unayo bahati, nimefunika wayo mmoja kwa ndoo, ule mzuri kuliko yote. Nataka nimwonyeshe shemeji yangu."

Walitoka. Ndoo ilikuwa hatua nne kutoka walipotundikwa sili. Ofisa aliwatazama sili, akaitazama ndoo, akawatazama tena sili.

"Alipita hapa?"

"Hapo hapo."

"Ametoka baharini juu ya barafu, siku ngapi hajala. Mbele yake nyama tatu zinaning'inia. Akapita bila kugeuza shingo."

"Labda alikuwa ameshiba."

"Dubu aliyeshiba anakuja kijijini kufanya nini? Kujiandikisha shule?"

Ofisa aliinua ndoo. Wayo ulikuwa mzuri kweli: mpana, vidole vimeelekezwa ndani kidogo, kitanga cha katikati kimeviringika inavyotakiwa. Yeyote anayewajua dubu angeupenda. Ofisa akauweka mguu wake mwenyewe kando yake, akakanyaga kwa uzito wake wote, akautoa. Kiatu chake kilikuwa kimezama karibu mara mbili ya dubu.

"Nipime, Jorsias. Mimi na dubu nani mzito?"

"Sithubutu."

"Nimekula keki nyingi maishani, lakini si kiasi hicho." Alilala kifudifudi juu ya theluji, pua ikaingia ndani ya wayo. Alilala hivyo muda mrefu mpaka Jorsias akaanza kukanyaga kanyaga kwa baridi. Alipoinuka, kwenye ncha ya kidole chake kilicholoweshwa mate palikuwa na vidoa vinne vya njano. Akavisugua. Vikawa unga.

Hapo ndipo kesi mbili zikawa moja.

"Mtu alichukua povu la bomba akachonga nyayo," alisema Ofisa. "Povu hili linachongeka kwa kisu cha kawaida, ni jepesi, na halipondeki ukilikanyaga. Nyayo zinaanzia wapi?"

"Karibu na bomba."

"Zinaishia wapi?"

"Kwenye mawe." Jorsias aliokota ndoo yake. "Nyuma ya bweni."

"Wewe ulijua."

"Nilianza kushuku jana. Zilikuwa nzuri kupita kiasi. Dubu naye huteleza, huburuza mguu. Huyu alitembea kama anapigwa picha."

"Na hukusema."

"Nilishatangaza kwenye redio."

"Gaaba anapoteza nyumba, wewe unalinda tangazo lako?"

Jorsias alitazama viatu vyake. "Sikujua kwamba bomba na dubu ni jambo moja. Naapa. Lakini usiniulize ni nani, Ofisa. Sijui, na hata ningejua, mimi simtaji mtoto wa mtu."

Bwenini tulikuwa arobaini. Kupekua vitu vya watu arobaini kunahitaji karatasi ya hakimu, na karatasi ya hakimu ingekuja na helikopta ileile ambayo ingeondoka na barua. Ofisa alisimama njiani, akapiga hesabu, hesabu haikukubali. Wakati huo Gaaba akaja akipanda kutoka chini, kofia mkononi.

"Ofisa, samahani. Leo mke wangu anatimiza miaka sabini. Kahawa iko tayari tangu saa tano. Karibu."

"Mwalimu Mkuu atakuwapo?"

"Tumemwalika. Watu wote tumewaalika." Alisema kama mtu anayeshangaa kuulizwa. "Ni siku ya kuzaliwa."

Ofisa aliivaa kofia yake vizuri. "Wote wataingia ndani?"

"Wataingia wapi tena?"

"Basi nakuja."

Nyumba ya kijani ilikuwa imejaa. Wageni waliingia, wakampa Bibi Sofie mkono, wakanywa kikombe, wakala keki na samaki mkavu, wakatoka kuwapisha wengine, kama ilivyo siku zote. Jorsias alikuwa akituleta kumi kumi, bunduki begani, akitulinda na dubu ambaye sasa alijua kabisa kwamba hayupo. Mwalimu Mkuu alileta sanduku la chokoleti na hakuweza kumtazama mtu yeyote usoni.

Bibi Sofie alikuwa na desturi mpya siku hiyo. Kila aliyemaliza kunywa, alimrudishia kikombe mkononi.

"Chukua, mwanangu, uende nacho. Kabati langu ni la ukutani, halihami na mimi."

Alisema hivyo bila kulia na bila kulalamika, kama anayegawa ndizi zilizoiva sana. Wengine walisema asante. Mwalimu Mkuu alipewa kikombe chenye maua ya bluu, akakishika kwa mikono miwili kama kinaungua.

Ofisa hakufika sebuleni. Aliishia kwenye kibaraza cha mlangoni, ambako palikuwa na viatu. Tuliokuwa ndani sote tulikuwa kwa soksi, na jozi thelathini na kitu zilikuwa zimerundikana sakafuni. Alivua vyake, akavipanga pembeni, akachuchumaa. Akaanza kuvigeuza, kimoja baada ya kingine, soli juu, akikirudisha kila kimoja palepale alipokitoa. Vya wavuvi vilikuwa na magamba ya samaki. Vya Mwalimu Mkuu vilikuwa na chaki, jambo la kushangaza kwa mtu ambaye hafundishi. Vya Gaaba vilikuwa na mchanga na mafuta.

Jozi ya ishirini na saba ilikuwa nyeusi, namba thelathini na nane. Katika mifereji ya soli, unga wa njano ulikuwa umeshindiliwa ukagandamana. Kuzunguka kiatu, katikati ya mguu, palikuwa na alama ya gundi, pana kama tepu ya mabomba.

Ofisa alitazama saa yake. Saa saba na dakika kumi. Hakuita mtu. Alivirudisha viatu mahali pake, akavuta kigoda, akakaa mlangoni kabisa, akaomba aletewe kahawa huko huko.

"Ingia ndani, Ofisa, kuna joto," alisema Gaaba.

"Hapa pananifaa. Miwani yangu haipendi joto."

Akanywa. Watu wakatoka. Kila mmoja aliinama mbele ya magoti yake, akachukua vyake, akavaa, akaaga. Alitoka Jorsias. Walitoka wavulana wa chumba cha tatu. Saa saba na nusu alitoka Mwalimu Mkuu, kikombe mfukoni, akasema anakwenda uwanjani kuisubiri helikopta, na kwamba barua anayo, na kwamba angeshukuru kupata sahihi kabla ya saa nane.

"Utapata jibu," alisema Ofisa.

Rundo lilipungua. Zikabaki jozi kumi, zikabaki sita. Kwetu mgeni hakai sana kwenye kahawa ya namna hiyo. Vikombe viwili, ukizidi vitatu, unawapisha wengine. Saa nane kasorobo palibaki jozi moja tu ya mgeni mlangoni, nyeusi, namba thelathini na nane. Na sebuleni alibaki mgeni mmoja akinywa kikombe cha saba.

Hapa ingefaa kusimulia habari za upepo uliokuwa ukivuma kutoka kaskazini. Ingefaa pia kueleza historia ya nyumba ya kijani, rangi ya mapazia, na kwa nini keki ya zabibu ya Bibi Sofie ni bora kuliko ya jirani yake. Yako mengi ambayo msimulizi makini hawezi kuyaruka.

"Paneeraq," aliita Ofisa kutoka mlangoni. Alikuwa ameuliza jina kwa Gaaba. "Huendi nyumbani?"

"Bado nakunywa, Ofisa."

"Utapasuka."

"Kahawa ya Bibi Sofie ni nzuri sana."

"Naamini. Njoo unieleze viatu hivi ni vya nani."

"Labda ni vya mtu aliyekosea akavaa vya mwenzake."

"Inawezekana. Basi nenda bwenini na soksi. Mimi nitavikalia mpaka mwenyewe aje."

Bibi Sofie alikuwa amesimama na birika mkononi. Aliniangalia mimi, akamwangalia Ofisa, kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akanijazia kikombe tena, akanisukumia kwa upole.

"Na hiki ukimaliza ni chako," alisema.

Nilikiweka mezani. Mkono haukutaka kukishika. Nikatoka mpaka mlangoni kwa soksi, moja yenye tundu kwenye dole gumba, nikasimama mbele ya kigoda.

"Ni vyangu," nilisema.

"Najua. Endelea."

Nikaendelea. Yote niliyosimulia juu, kuanzia makalio ya Sheria, nimeyasimulia kama mtu aliyeketi mbali akiangalia. Baadhi niliyaona kwa dirisha la bweni, na mengine Ofisa mwenyewe alinieleza baadaye, aliponikalisha chini niandike. Lakini sikuwa mbali. Povu nililichukua mimi, Jumapili jioni, wenzangu wakitazama mpira. Nilikata tepu kwa kisu cha babu yangu. Babu ni mtu wa pwani ya mashariki, alinifundisha wayo wa dubu tangu nikiwa mdogo, na nilijivunia kwamba nitauchonga sawasawa. Maganda mawili yalivunjika nikiwa nachonga, nikarudi kuchukua mengine mawili. Nilitaka mtihani wa hesabu uahirishwe. Basi.

"Nyayo za nyuma ulizifunga miguuni," alisema Ofisa. "Za mbele?"

"Nilizishika mikononi."

"Ulitembea kwa miguu minne? Kutoka bombani mpaka mawe?"

"Ndiyo, Ofisa."

Gaaba alikuwa amekuja nyuma yangu. Nilimsikia akipumua kwa pua.

"Na mabati ukaweka jiwe," alisema Ofisa.

"Nilitaka kurudi baada ya chakula nifunge vizuri. Vipande vilivyovunjika ningeviunga kwa tepu. Lakini Jorsias aliziona nyayo mapema, akatangaza kwenye redio, wakatufungia milango. Sikuweza kutoka. Nilidhani ule waya wa joto utatosha mpaka asubuhi."

"Dubu wako alikufungia ndani."

"Ndiyo."

"Na Jumatatu, bomba lilipopasuka?"

Hilo lilikuwa swali ambalo sikuwa na mzaha wa kulijibu. "Nilijua wanamlaumu Gaaba. Nilidhani atakaripiwa tu. Habari ya nyumba sikuijua mpaka leo, mpaka vikombe." Nikageuka. "Na hata leo nilipoijua, nimekunywa saba."

Gaaba alinisogelea. Macho yake yalikuwa mekundu, na sijui kama ni kwa baridi.

"Povu lililobaki liko wapi?"

"Chini ya kitanda changu."

"Usiguse. Nitakuja kulichukua mwenyewe. Unalibeba vibaya, linameguka."

Kutoka juu ya ghuba ilisikika helikopta. Ofisa alitoa simu yake mfukoni, akabonyeza namba, akanipa kabla haijaanza kuita.

"Ni Mwalimu Mkuu. Mimi ninaweza kumwambia, lakini mimi nitamwambia habari za viatu na unga. Mwenye habari za Gaaba ni wewe."

Simu ikaita mara mbili.

"Ofisa?" Upepo wa mapanga ya helikopta ulikuwa ukipiga ndani ya sauti yake. "Umeamua? Rubani hazimi injini. Ninampa barua sasa, utasaini njiani."

"Si Ofisa, Mwalimu. Ni Paneeraq."

"Paneeraq nani? Toka kwenye simu hiyo."

Kwa kawaida mimi sikosi maneno. Nina hotuba ya kila jambo, hata ya kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Nilizitafuta zote nikiwa nimesimama pale kwa soksi, nyuma yangu watu wawili waliokuwa wameanza kugawa vyombo vyao, na sikupata hata moja.

"Gaaba alilifunga bomba siku ya Ijumaa," nilisema. "Mimi nililifungua Jumapili. Usimpe barua."

"Sisikii. Sema tena."

Nikasema tena, kwa sauti ya kusikika nyumba nzima.

"Gaaba alilifunga. Mimi ndiye niliyelifungua."